Saa Isiyolala Ndani ya Kompyuta

Hapa Msamvu twahesabu saa kama walivyohesabu wazee wetu: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na likizama ni saa kumi na mbili tena. Stendini wakinadi basi la Iringa la saa moja, hapana aulizaye ni saa moja ya nani. Lakini kompyuta ya shule yetu huhesabu kwa namna nyingine, tena namna mbili zisizopatana.

Mashine hii ikilala, karibu viungo vyake vyote hunyamaza. Ikeshayo ni saa ndogo, ambayo fuwele yake hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Hata mashine ikizimwa kabisa, kibetri mfano wa sarafu huilisha. Saa ya namna hiyo iliingia katika kompyuta za IBM mwaka 1984, nayo ina kengele: huandikiwa wakati, na wakati ukitimia huiamsha mashine.

Tulitaka iamke saa kumi alfajiri, ipokee maswali ya mtihani kutoka kwa mwenzetu wa Dodoma, nasi tuyaandike ubaoni. Basi fundi mmoja alikuwa ametia ndani yake mifumo miwili, Windows na Linux. Windows, kwa desturi, huiendesha saa ile kwa majira ya mahali. Linux huidhania kuwa yaenda kwa majira ya Greenwich, yaliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo Linux ikapunguza saa tatu, ikaandika saa saba usiku. Na saa, iliyofuata majira ya Morogoro, ikalia saa saba barabara. Usiku ule umeme ulikatika. Mashine ikakesha bure hata betri yake kubwa ikaisha, na watoto wakangoja maswali hata saa nne.

Tangu hapo mifumo yote miwili tumeifuatisha Greenwich. Lakini liko jambo la pili. Mashine ikiamka, yapasa programu isome alama ya kwamba kengele imelia. Kusoma kwenyewe ndiko kuifutako, na isipofutwa, saa haiiti tena. Kisha kengele iliyokwisha kazi iondolewe, maana kengele za saa nyingi za zamani hujua saa, dakika na sekunde tu, wala si tarehe.

Yetu ni mojawapo. Likizo ilipoanza, kila alfajiri saa kumi iliamka, ikayatafuta maswali ambayo hapana aliyeyatuma.