Tunatafuta Uso wa Nani?

Wapendwa katika Kristo,

Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila siku pasipo kulifikiri: kutafuta picha katika intaneti. Tukiri mapema kwamba tulikuwa tumeandaa mahubiri makali juu yake. Tuliwaza picha chafu na tamaa ya macho, nasi tulikuwa tayari kuhukumu.

Kabla ya Dominika kufika, alikuja ofisini mama mmoja mjane. Nyumba yake iliungua, ikateketea pamoja na picha pekee ya marehemu mumewe. “Baba Paroko,” alisema, “wanangu wanasema humo kwenye kompyuta mna picha za watu wote. Nitafutie ya baba yao. Yule mdogo ameanza kuisahau sura yake.” Tuliandika jina. Zikaja nyuso nyingi za wanaume wenye jina lile, lakini yeye hakuwamo. Mama alizitazama moja baada ya nyingine mpaka mwisho.

Mahubiri yale tuliyaweka kando. Hamu ya kuona si dhambi. Mnamo Februari 2000 mwimbaji Jennifer Lopez alivaa gauni la kijani katika sherehe za tuzo za Grammy, na watu wengi mno wakaitafuta picha yake. Kusoma habari tu hakukuwatosha. Jambo hilo lilichangia Google kufungua huduma ya kutafuta picha, Julai 2001. Lakini mtambo huo huleta tu kile ambacho mtu fulani alikwisha kukiweka. Mkulima ambaye hakuna aliyemweka humo, hayumo.

Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea, ukizitetea picha takatifu, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule anayeonyeshwa ndani yake. Hapo tunapata kipimo. Mwanafunzi anayetafuta mchoro wa moyo kwa somo la baiolojia, bibi harusi anayetafuta mshono, fundi anayetafuta mtindo wa mlango, wote wanapita katika picha ili wakifikie kitu cha kweli. Mjane wetu alipita humo akimtafuta mtu. Lakini anayetafuta picha za kuwadhalilisha wenzake hataki kumfikia mtu yeyote. Anautaka mwili usio na jina, usioweza kumtazama wala kumwuliza neno. Dhambi yake haiko katika kuona, bali katika kukataa kumwona mtu.

Siku chache baadaye, wanajumuiya walipekua albamu zao za zamani. Katika picha ya ujenzi wa kigango alionekana marehemu, nyuma kabisa, amebeba tofali begani, nusu ya uso ikiwa kivulini. Mama aliishika kwa mikono miwili, akasema, “Ndiye.” Hakusema zaidi.

Wapendwa, kabla ya kuandika neno katika kisanduku kile, tujiulize: tunatafuta uso wa nani, na tukiupata tutaufanyia nini? Kisha, tukirudi nyumbani, tuzitoe picha zetu za zamani na kuandika majina nyuma yake, maana yupo atakayezihitaji.

Mungu awabariki.

Paroko wenu