Mjukuu Wangu Alipozima Sauti

Nilifundisha kwa miaka thelathini na minane, na kwa muda wote huo chombo nilichokiamini kuliko chaki kilikuwa sauti yangu. Niliingia chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo mwalimu alipimwa kwa namna anavyolijaza darasa kwa maneno. Ni kweli tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vifuniko vya soda, vijiti na maboksi, na siku ya kukaguliwa katika mazoezi ya kufundisha kila mtu alikuja na zana zake chini ya kwapa. Mkaguzi akishaondoka, zana zilirudi kabatini, nasi tukaendelea kusema.

Baadaye likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote. Madarasa yakafurika. Mwenye watoto mia moja mbele yake, wengine wamekaa sakafuni, atamchorea nani? Ulikuwa unapaza sauti tu. Sisemi haya kujitetea, ingawa najua, ndugu msomaji, yanasikika hivyo.

Tarehe 17 Machi 2020 ilitangazwa kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Vipindi vya masomo vikaanza kurushwa redioni na kwenye televisheni, lakini mtoto anayeachwa nyumbani peke yake na televisheni ana mambo mengine ya kutazama. Binti yangu anayekaa Tegeta akamleta mwanawe kwangu Mbagala, akaniambia, “Baba, huyu yuko darasa la tano na sehemu hazijui. Msaidie.” Mimi nikafurahi. Nilikuwa nimestaafu miaka kumi, na hakuna aliyekuwa ameniomba nifundishe chochote.

Wiki mbili za kwanza tulikaa mezani, yeye, mimi na daftari. Nikimuuliza nusu kujumlisha theluthi, ananijibu mbili ya tano. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nikamweleza habari ya Kigawe Kidogo cha Shirika, akaitikia “Ndiyo, babu.” Kesho yake, mbili ya tano. Nikarudia, na sauti ikapanda kidogo. Bibi yake akachungulia kutoka jikoni, akasema, “Mume mwenzio huyo, mbona unamfokea kama mwizi?”

Ni kijana wa duka la steshenari pale Rangi Tatu aliyenipa wazo. Nilikwenda kutoa nakala za mazoezi, nikamkuta anatazama kwenye kompyuta jinsi mtu fulani anavyotengeneza kadi za harusi. Haonekani mtu, unaona skrini yake tu, kishale kinatembea, na sauti inaeleza. Nikauliza inafanywaje. Akaniwekea kwenye kompyuta yangu ya mtumba programu iitwayo OBS Studio, ambayo hutolewa bure, akanionyesha mahali pa kubonyeza ili kila kinachopita kwenye skrini kinaswe pamoja na sauti. Faili linabaki kwenye mashine, halili bando hata kidogo, na ukitaka unalihamishia kwenye simu kwa waya.

Nikaanza kurekodi saa nne za usiku, mtaa ukitulia. Nilichora kwa ile programu ya kuchorea inayokuja na kompyuta. Mkono wangu juu ya kipanya ulitetemeka, na mistari yangu ilikuwa kama njia ya konokono. Usiku mmoja mvua ilipiga mabati hata sikusikika kabisa. Usiku mwingine umeme wa LUKU uliisha katikati ya somo, na kwa kuwa betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa siku nyingi, kila kitu kikazimika. Hata hivyo nilipata somo la dakika kumi na mbili. Mkate umechorwa kama mstatili, umegawanywa vipande sita. Nusu yake ni vipande vitatu, nikavipaka rangi ya kijani. Theluthi yake ni vipande viwili, rangi ya chungwa. Vitano vimejaa, kimoja kimebaki cheupe. Chini yake nikachora mkate mwingine uliogawanywa mara tano, viwili vimepakwa rangi, ili aone kwa macho yake kwamba mbili ya tano haifiki hata nusu. Yaani umeanza na nusu mkate, umeongezewa, halafu umebaki na pungufu! Nilijiona nimefanya jambo.

Asubuhi nikampa. Nikapita baada ya muda, nikamkuta anatazama, amezima sauti.

Sikumwambia kitu. Nilikwenda kukaa uani chini ya mwembe, na naweza kukiri sasa kwamba niliudhika kama mtu aliyetukanwa. Nilipotulia ndipo kitu kingine kikanishika, nacho kilikuwa hofu. Mwaka 1978, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mvulana aliyekaa nyuma. Ukimwita haitiki. Ukimpa zoezi anachungulia kwa mwenzake. Nilimwita mvivu mbele ya darasa, na nilimchapa, si mara moja. Alipofika darasa la tano akaacha shule. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mama yake stendi ya basi, akanisalimia kwa heshima, tukazungumza habari za mashamba, na katikati ya mazungumzo akataja kwamba mwanawe alitokwa na usaha masikioni tangu utotoni na alikuwa hasikii vizuri. Alisema hivyo kama jambo nililokuwa nalijua. Nami nikaitikia kama mtu anayelijua.

Basi nikampeleka mjukuu wangu akapimwe masikio. Bibi yake alishangaa, wakati ule wa korona watu wakiogopa hospitali, lakini hakunizuia. Masikio yalikuwa mazima. Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini alizima sauti. Akasita, maana ni mtoto mwenye adabu. “Babu, usiniambie nimekukosea. Ukisema, siwezi kutazama.”

Wapo wanaosema watoto wamegawanyika: huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio. Tulipenda sana kuyasema hayo katika semina za walimu. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwafundisha watoto kwa mafungu hayo. Naafiki. Mjukuu wangu hakuwa mtoto wa namna ya pekee. Nilikaa nikasikiliza ile rekodi yangu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo katika miaka thelathini na minane sikuwahi kuweza kulifanya, nikamsikia mwalimu anayesema “tuko pamoja?” kila baada ya sentensi na hangoji jibu. Kishale kiko kwenye kipande cha tatu, yeye anasimulia bei ya mkate mwaka 1985. Hata mimi nilitamani kuizima.

Nikarekodi upya. Dakika tatu. Nilikuwa nachora kwanza, nanyamaza, kisha nasema neno moja au mawili juu ya kile kilichochorwa, basi. Nikakuza maandishi, nikakipa kishale rangi ya njano. Safari hii aliacha sauti. Alisimamisha, akarudisha nyuma, akasimamisha tena. Nilihesabu mara saba pale penye kugeuza nusu kuwa tatu ya sita. Nani angethubutu kumwambia mwalimu mkuu arudie mara saba?

Kisha nikamwachia yeye kompyuta afanye hesabu zake huku programu inanasa. Hapo ndipo nilipoona kisichoonekana daftarini. Daftari hukupa jibu na mahali palipofutwa. Rekodi ilinionyesha anaanza vizuri, anaandika sita chini, kishale kinasimama, kinakwenda juu, kinarudi, halafu anafuta kazi iliyo sahihi na kuandika mbili ya tano. Alikuwa anajua, ila hakujiamini. Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya kile kishale kilichosimama.

Shule za msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020, akarudi Tegeta. Niliendelea kumtumia masomo mafupi kwa simu, nikipunguza ukubwa wa picha ili yasimalize bando la mama yake. Alimaliza darasa la saba mwaka 2022, na sasa yuko sekondari.

Likizo iliyopita alikuja na mdogo wake wa kike, ambaye naye amefika kwenye sehemu. Usiku nikasikia kipanya kinabofya sebuleni. Nikasimama mlangoni. Alikuwa amechora mkate wa mstatili, mistari imenyooka kuliko yangu, anapaka rangi kipande kimoja kimoja bila kusema neno. Akaniona. Akainua kidole mdomoni, akanionyesha alama nyekundu inayowaka kwenye kona ya skrini, nami nikarudi nyuma taratibu nisije nikasikika.