Kura ya Mtoto wa Kati

Kiswahili kina jina la mtoto wa kwanza: kifungua mimba. Kina pia la wa mwisho: kitinda mimba, na wengine humwita kiziwanda. Wa katikati hakupewa jina. Ni "mtoto wa kati" basi, anatambulishwa kwa waliomtangulia na waliomfuata. Mwenye kumbukumbu hizi alizaliwa wa tatu kati ya watano, Majengo, Mombasa, na kwa miaka mingi aliamini kwamba hata lugha ilimsahau.

Nyumbani mlikuwa na redio moja. Baba, aliyefanya kazi bandarini Kilindini, hakupenda kuamrisha. Kila Jumamosi jioni alipigisha kura. Kaka mkubwa alitaka mpira, dada alitaka taarab, wa kati alitaka mchezo wa kuigiza, na wadogo wawili kila mmoja alikuwa na lake. Baba alitaka habari. Mama, sijui kwa mapenzi au kwa uchovu wa siku nzima jikoni, alinyoosha mkono pamoja naye. Mikono miwili ikaishinda mitano, kwa kuwa ile mitano ilinyooshwa mmoja mmoja. Wiki baada ya wiki, watu saba walisikiliza habari ambazo watano hawakuzitaka.

Katika siasa za siku hizo KANU iliitwa chama cha baba na mama. Nyumba nzima ilicheka kila msemo huo ulipotajwa, na baba alicheka kuliko wote.

Mtoto wa kati alikuwa na miaka 13 uchaguzi wa 1992 ulipokaribia. KANU ilikuwa madarakani tangu uhuru wa 1963. Mwaka 1991 vuguvugu la FORD liliibuka, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kikafutwa. Vijana mitaani wakawa wanainua vidole viwili, ishara ya FORD, kuwajibu wenye KANU walioinua kimoja. Kaka mkubwa aliapa kwamba jogoo, alama ya KANU, hatawika tena.

Kabla ya siku ya kura FORD ikapasuka. Oginga Odinga akabaki na FORD-Kenya, Kenneth Matiba akaenda na FORD-Asili. Mwai Kibaki alikuwa ameshatoka serikalini na kuunda chama cha DP. Kura zilipigwa Desemba 29, na matokeo yalikuwa hivi: Daniel arap Moi wa KANU alipata kama asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Odinga 17. Jogoo akawika.

"Kumbe watu wanampenda Moi," mtoto wa kati alisema.

Kaka hakumjibu. Baba ndiye aliyemjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: "Hebu jumlisha hao wengine, mwanangu."

Alijumlisha. Walifika asilimia 62. Usiku huo aliitazama redio iliyo juu ya kabati na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini hajawahi kuusikia mchezo wake wa kuigiza mpaka mwisho.

Alipokua alijua pia kwamba hesabu peke yake haielezi kila kitu. Redio ya KBC ilikuwa sauti ya serikali. Machifu na wakuu wa wilaya walikuwa upande mmoja. Vijana wa YK'92 walimwaga pesa kwenye kampeni ya KANU hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la kiongozi wao, "Jirongo". Rift Valley familia zilikuwa zimefukuzwa mashambani kabla hata ya kura kupigwa. Lakini hata kwa nguvu zote hizo, KANU ilipata kura za mtu mmoja tu kati ya kila watatu hivi. Kazi iliyobaki ilifanywa na wapinzani wenyewe.

Mwaka 1997 mtoto wa kati alitimiza miaka 18 na kupata kitambulisho. Agosti mwaka huo ghasia zikalipuka Likoni, ng'ambo ya feri: kituo cha polisi kilishambuliwa, na watu wa bara wakaanza kufunga mizigo. Majirani walioishi nyumba ya pili kwa miaka mingi waliondoka asubuhi moja wakiacha kuku wao. Desemba alipiga kura yake ya kwanza, na wapinzani wakagawana tena: Kibaki, Raila Odinga, Wamalwa, Charity Ngilu. Moi akapata asilimia 40 na kurudi Ikulu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yayo hayo. Kaka na dada, kila mmoja na chama chake, walikuwa hawasemezani. Yeye ndiye aliyebeba ujumbe: mwambie kaka yako, mwambie dada yako.

Baadaye alisoma kwamba watoto wa kati huzaliwa wapatanishi, wazo ambalo mizizi yake iko kwa Alfred Adler, daktari wa Austria. Halikumwingia akilini. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walipochunguza takwimu za watu zaidi ya 20,000 wa Ujerumani, Uingereza na Marekani, hawakuona kwamba nafasi ya kuzaliwa inaibadilisha tabia ya mtu kwa namna ya kudumu. Kwake jambo lilikuwa jepesi zaidi. Kaka na dada walihitaji mtu wa kupita kati, na yeye ndiye aliyekuwa kati.

Oktoba 14, 2002, Uhuru Park, Raila alitamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na waliogawana kura kwa miaka 10 wakawa muungano mmoja, NARC. Jioni hiyo dada alimpigia kaka simu mwenyewe, bila mjumbe. Desemba 27 mtoto wa kati alikuwa karani katika kituo cha shule ya msingi. Mara hii kura zilihesabiwa pale pale kituoni badala ya kusafirishwa. Kila karatasi ikainuliwa mawakala wote waione. Kibaki alipata asilimia 62, Uhuru Kenyatta wa KANU 31. Desemba 30 Kibaki aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, baada ya ajali ya gari aliyoipata wakati wa kampeni.

Mji ulishangilia mpaka alfajiri. Yeye alikaa na kalamu na kipande cha karatasi. KANU ilishinda kwa 36, ikaanguka kwa 31. Katika miaka 10 ilikuwa imepoteza pointi tano tu. Na ile 62 ndiyo ile ile aliyojumlisha siku ya sahani ya baba.

Kulikuwa na Jumamosi moja ambayo hakuwahi kuisimulia. Watoto watano waliwahi kuungana na kuishinda habari ya baba. Redio wakaipata. Kabla ya nusu saa walikuwa wakigombania kitufe cha mawimbi, na baba akaichukua akaizima. Aliikumbuka Novemba 2005, ugomvi wa makubaliano ya kugawana madaraka ulipokuwa umeshawatenganisha wana NARC, na Wakenya wakapigia kura katiba mpya kwa alama ya ndizi (ndiyo) na chungwa (hapana). Dada alikuwa ndizi, kaka chungwa. Chungwa likashinda kwa karibu asilimia 58, na Kibaki akalivunja baraza lake la mawaziri. Mtoto wa kati akarudia kazi yake ya kubeba ujumbe.

Desemba 2007 NARC haikuwa tena na mgombea wa kutetea Ikulu. Kibaki aligombea kwa chama kipya, PNU. KANU, chama cha baba na mama, haikusimamisha mgombea wa urais. Ilimuunga mkono Kibaki, mtu ambaye ilikuwa imemshinda mara mbili.