Miembe ya Mayatima

Sisi ni wanawake wawili, wifi kwa wifi. Mmoja wetu ni mjane wa marehemu, mwenziwe ni dada yake. Tangu marehemu alipotangulia mbele ya haki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu, tumeishika pamoja amana ya miembe kumi na minane iliyo nyuma ya nyumba, pande za Gede. Mirathi ilipogawanywa, fungu la mjane na la mama yake marehemu yakatolewa penginepo, na miti ikawaangukia watoto wake wanne. Mkubwa wao wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila senti inayoingia na kutoka huandikwa katika daftari, maana aya ya kumi ya Suratun Nisaa, inayowaonya walao mali ya yatima kwa dhuluma, si ya kusomwa na kupitwa.

Mwaka uliofuata, 2022, masika hayakuja kama masika. Ukame ulikuwa umekwisha kutangazwa kuwa janga la taifa tangu Septemba iliyopita, na pwani yetu nayo iliuonja. Kisima kilishuka hadi tukaongeza kamba mara mbili. Hata hivyo mwembe una tabia ya ajabu: ukipata kiu kwa kiasi huchanua zaidi. Mwezi wa Agosti miti yote ilivaa maua kuanzia kileleni hadi matawi ya chini, watoto wakaanza kuhesabu maembe ambayo bado hayajakuwako.

Hapo ndipo swali lilipotujia: tupige dawa ya ukungu au tusipige?

Mwenye duka la pembejeo hakuona kuwa ni swali. Alitushauri tupige kila baada ya wiki mbili mpaka matunda yashike, kwa dawa ya ukungu iliyochanganywa na ya wadudu, “mkamalize yote kwa mara moja, mama.” Pamoja na kukodi pampu ya injini, kwa kuwa miembe ya zamani ni mirefu na pampu ya mgongoni haifiki, kila awamu ingetugharimu shilingi 9,000. Katika sanduku la watoto mlikuwa na shilingi 14,000, na karo ya muhula wa tatu ilikuwa inabisha hodi.

Tulikhitilafiana. Mjane alishika desturi ya mumewe: marehemu alikuwa akipiga dawa kila mwaka maua yanapotoka, wala hakuna mwaka tuliokosa embe. Dada naye alishika hoja ya ukame. Ukungu, alisema, hutoka penye maji. Mwaka usio na mvua utatoka wapi? Kupiga dawa ya ukungu katika kiangazi ni kama kumfunika mwavuli mtu aliyelala ndani. Usiku huo kila mmoja alilala akiamini kuwa mwenziwe anacheza na mali ya mayatima, na hilo ni jambo zito kulala nalo katika nyumba moja.

Katikati ya mvutano akaja dalali, akataka kuinunua miti yote ingali katika maua kwa shilingi 20,000 taslimu. Ugonjwa ukija ni hasara yake, maembe yakizaa ni faida yake. Tunakiri kwamba tulivutika, kwa kuwa angetuondolea uamuzi mabegani. Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kufaa kwake kudhihirika, na hekima ya katazo hilo tuliiona kwa macho yetu: mmoja wa pande mbili lazima atadhulumika, na hakuna ajuaye ni upi. Tukamshukuru, akaenda zake. (Jirani zetu kadhaa wameuza hivyo miaka nenda miaka rudi. Hatuwahukumu, ila tungependa walisikie jambo hili kwa mashekhe kuliko kulisikia kwetu.)

Aliyetufungua macho ni afisa wa kilimo wa wadi, binti mdogo aliyekuja kwa bodaboda. Alituuliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza: dawa ya ukungu upi? Akatueleza kuwa miembe yetu huandamwa na maradhi mawili makubwa ya namna hiyo. La kwanza ni lile la madoa meusi, linaloyachoma maua na kuyaozesha maembe yakishaiva. Hilo halipandi bila majani na maua kulowa kwa muda. Mvua ndiyo gari lake, na mwaka wa ukame mara nyingi hubaki limelala. Kwa hilo, dada alikuwa na haki. La pili ni ukungu mweupe, ulio kama unga wa ngano uliomwagikia maua. Huo haungoji mvua. Hupenda hewa kavu ya mchana na ubaridi wa usiku, yaani hasa hali yetu ya kipupwe, na mvua kubwa huusumbua badala ya kuusaidia. Kwa hilo, mjane alikuwa na haki, ingawa sababu yake haikuwa hiyo.

Akaongeza kuwa si kila ua linaloanguka limeanguka kwa ugonjwa. Shada moja la mwembe hubeba maua mamia kwa mamia, na likileta embe mbili tatu limetimiza kazi yake. Mengine huangushwa na kiu, na kiu haina dawa dukani.

Basi alfajiri iliyofuata, baada ya sala, tuliingia shambani na ngazi. Tuligundua kwamba buibui ni chombo bora cha kupimia ukungu huo: ukilipitisha shada juu ya mkono wa vazi jeusi, penye ugonjwa hubaki vumbi jeupe, pasipo na ugonjwa hubaki chavua kidogo tu ya manjano. Tulipima miti yote kumi na minane, kila mmoja kwa pande nne. Mitano ilikuwa na unga, yote aina ya ngowe, yote karibu na ukuta wa zamani ambako matawi yamesongamana na upepo haupiti. Miti kumi na mitatu ilikuwa safi.

Tuliamua kuipiga mitano ile peke yake, kwa salfa tupu, ambayo wazee walikuwa wakiiita kibiriti upele. Dawa ya wadudu tuliikataa. Maua ya mwembe hutumikiwa na nyuki na nzi, na mpaka wetu wa mashariki una mizinga ya jirani. Kuwaua waletao embe ili kuiokoa embe hakukutuingia akilini. Salfa nayo ina masharti yake. Jua kali likiikuta majini huunguza, basi ikapigwa jioni, upepo ulipotulia. Siku hiyo nguo zilianuliwa, kisima kikafunikwa, kuku wakafungiwa, majani ya kunde yakachumwa asubuhi, na watoto wakapelekwa kwa bibi yao. Kijana wa pampu alitaka kufanya kazi kifua wazi. Tulikataa kuwasha injini mpaka alipovaa shati la mikono mirefu na kufunika pua na mdomo. Alicheka, lakini alivaa. Baada ya siku kumi na mbili tulirudia. Mara zote mbili, dawa na kodi ya pampu, zilitutoka shilingi 6,400.

Mitano ile ilizaa, si kwa wingi, kwa sababu mashada yaliyokuwa yamekwisha kuungua hayakufufuka; salfa hulinda kilicho kizima. Katika ile kumi na mitatu, kumi na mmoja ilitupa maembe ya kutosha kulipa karo na kubakisha akiba. Miwili, maboribo yaliyo jirani kabisa na yale mangowe, iliingiliwa na unga wiki ya pili, tusijue mpaka maua yamekuwa meusi. Tulikuwa tumeyapima mara moja tukaridhika. Hasara hiyo tumeiandika katika daftari kwa wino ule ule, na mtoto mkubwa, ambaye sasa anajua hesabu kutushinda, ameshaisoma. Alituuliza kwa nini hatukurudi kuangalia. Tulimjibu kwamba tulichoka, tukadhani imetosha. Hakusema neno.

Mpaka leo hatujakubaliana juu ya maboribo yale. Mjane anaona tungeyapiga pamoja na jirani zake kwa tahadhari. Dada anaona kosa halikuwa dawa bali jicho. Mwaka huu maua yametoka tena, machache kuliko ya mwaka ule, na umande wa alfajiri ni mzito. Tumekwenda shambani mara tatu wiki hii, na huyo mtoto mkubwa ndiye anayetushikia ngazi.