Hewa Ndani ya Rejeta

Nilipostaafu ukuu wa shule, nilitumia sehemu ya kiinua mgongo kuifufua Land Rover yangu kuukuu. Injini ilifumuliwa yote: pistoni mpya, gasketi mpya, silinda hedi ikachongwa. Fundi alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Jioni tulipoijaza maji aliniambia, "Mwalimu, ningeomba ilale hapa leo. Tuitoe hewa kwanza."

Mimi nilikuwa na safari ya kutoka Njombe kwenda Makambako, kilomita 60 hivi. Nikachungulia rejeta, nikaona maji yamefika mdomoni. "Imejaa," nikasema. Akainamisha kichwa. "Sawa, Mwalimu."

Mshale wa joto ulitulia chini kabisa, nami nikafurahi. Kwa kuwa ilikuwa Juni na baridi ya Njombe inajulikana, nikafungua hita. Ikapuliza baridi. Nikadhani hita ni mbovu. Kabla sijafika nusu ya njia, mvuke ukafunika kioo. Gasketi ilikuwa imeungua na hedi imepinda.

Injini iliyofumuliwa huwa kavu ndani, ndugu msomaji. Ukimimina maji kwa haraka, hewa hunaswa juu, ndani ya hedi na katika mipira ya hita. Pampu huzungusha maji; hewa huishinda. Geji nayo hupima kile tu kinachoigusa. Isipoguswa na maji, yaweza kuonyesha ubaridi huku chuma kinaungua. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mara ya pili niliketi juu ya jiwe nikatazama. Fundi aliegesha gari likielekea mlimani ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Akafungua hita yote, akaacha mfuniko wazi, akamimina maji polepole huku akiminyaminya mpira wa juu. Akawasha injini, ikanguruma taratibu. Viputo vikapanda kimoja kimoja. Themostati ilipofunguka, mpira wa juu ukapata moto na maji yakashuka ghafla. Akaongeza, akangoja, akaongeza tena. Karibu lita mbili ziliingia mahali nilipokuwa nimesema pamejaa. Hita ikaanza kupuliza joto. Gari likalala pale, na asubuhi, injini ikiwa baridi, akafungua mfuniko na kuongeza kikombe kimoja zaidi.

Nilimwuliza kwa nini hakunikatalia siku ile. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema kwa upole, "Mwalimu, shuleni ulipokwisha kusema, nani aliongeza neno?"

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Tangu nitoke chuo cha ualimu nilikuwa na desturi ya kumaliza somo kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, Mwalimu!" Nami nikafunga kitabu. Kwa zaidi ya miaka 30 niliusoma mshale ule, na sikushangaa kwamba hita ilikuwa baridi: mtoto asiyeuliza swali, anayeinama jina lake likitajwa.

Gharama ya hedi niliilipa mwenyewe. Ile ya madarasa waliilipa wengine.

Siku hizi mjukuu wangu akileta hesabu zake simwulizi kama ameelewa. Namwomba anifundishe mimi, kisha nanyamaza, nangoja. Mara nyingi hukwama njiani. Hapo ndipo tunapoanza.