Ratiba Ilipokuwa Kwapani

Mwaka 2006 ratiba nzima ya filamu yetu ilikaa ndani ya kaunta buku moja, na kaunta buku hiyo ilikaa kwapani mwa msaidizi wa dairekta. Ukitaka kujua kesho tunapiga sini gani, unamuuliza yeye. Ukitaka kujua gari linaanzia Mbagala au Sinza, unamuuliza yeye. Mimi nilikuwa binti wa miaka 22, nimechukuliwa kushika kontinyuiti, na kila usiku kazi yangu ya pili ilikuwa kuwapigia watu simu kuwaambia wafike saa ngapi. Vocha iliisha kabla sijamaliza orodha. Waliobaki niliwabipu. Wa mwisho kupata habari siku zote walikuwa dereva na mama aliyetupikia.

Siku moja yule kaka alishikwa na malaria, akalazwa. Daftari lilikuwa chumbani kwake Kimara, na ufunguo alikuwa nao yeye. Watu 19 tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya kukodi Mikocheni hadi adhuhuri, taa zimelipiwa, nyumba imelipiwa. Nilikuwa na karatasi zangu zote mapajani: nani alivaa nini, nani alishika kikombe kwa mkono upi. Zilikuwa zinaeleza tulichokwisha kukifanya. Cha mbele hakuna aliyekijua.

Mwaka uliofuata nikapata mwalimu, mama mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na timu za kigeni zilizokuja kupiga picha nchini. Alinifundisha kuchambua skripti kwa mkasi na manila. Kila ukurasa unaugawa mara 8, ili sini fupi uihesabu moja ya nane, na ndefu uihesabu ukurasa mmoja na tatu ya nane. Kila sini unaikatia ukanda wake: mweupe ni ndani mchana, wa njano nje mchana, wa buluu ndani usiku, wa kijani nje usiku. Juu ya ukanda unaandika namba ya sini, mahali na namba za wahusika. Halafu unazipanga ubaoni, na kila siku inapoisha unaweka ukanda mweusi.

“Usifuate hadithi, mwanangu,” aliniambia. “Fuata mahali.”

Niliupenda ubao ule kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa kazini. Nilikaa nao sakafuni usiku, nahamisha kanda moja moja, na mambo yakajitokeza yenyewe. Buluu zikisongamana, hiyo ni wiki nzima ya kukesha. Mhusika namba 3 akitawanyika siku tisa wakati ana sini nne tu, hapo kuna mwigizaji atakayelipwa kwa kukaa kivulini. Pesa inapovujia unapaona kwa macho kabla haijatoka mfukoni.

Kwa hiyo nilipoiona programu ya kupanga ratiba, Movie Magic Scheduling, kwenye laptopu ya mgeni mmoja, sikuhitaji kufundishwa. Ulikuwa ubao uleule, rangi zilezile, ila mkasi haupo. Hatukuwa na uwezo wa kuinunua. Tukajichorea ratiba kwenye Excel na kutumiana kwa baruapepe, na punde kila mmoja akawa na “ratiba mpya” yake. WhatsApp ilipofika tukashusha pumzi, lakini picha ya ratiba ilizama chini ya salamu na pole za misiba kabla ya saa kuisha.

Kilichotulazimisha kubadilika kweli ni tamthilia. Azam TV ilianza mwaka 2013, na miaka hiyo televisheni zikawa zinataka hadithi za vipindi vingi vya Kiswahili. Filamu ya siku kumi mtu anaweza kuibeba kichwani. Vipindi 26 havibebeki. Sebule ya mama mkwe unaimaliza yote kwa siku nne: asubuhi kipindi cha 2, baada ya chakula cha 17, na yule binti ana mimba kabla ya chai, baada ya chai hana. Tukahamia kwenye programu ya pamoja ya mtandaoni, ambayo ukisogeza sini moja, wa mavazi anaona, wa taa anaona, dereva anaona, kila mmoja kwenye simu yake.

Wiki ya kwanza ratiba ilisema 5:00. Tulikusanyika ofisini saa 11 alfajiri, gari hakuna, simu ya dereva haipatikani. Alitokea saa 5 asubuhi, gari limeoshwa linameta, yeye kanyoosha shati. Prodyuza akamfokea mbele ya watu wote. Nilisimama katikati yao nikasema kosa si la dereva, na hadi leo sijabadili neno. Alisoma saa kama anavyoisoma tangu utoto wake. Ratiba asiyoweza kuisoma dereva bado iko kwapani mwa mtu. Tangu siku hiyo naandika “saa 11:00 alfajiri”, kwa maneno, na programu ikiyakataa kwenye nafasi ya saa, natumia sehemu ya maelezo.

Niliongeza pia safu ya maji. Programu inakuambia jua linachomoza saa ngapi, lakini Bagamoyo maji yakipwa bahari inakwenda mbali kabisa, na ngalawa inabaki imelala kwenye tope. Mvuvi mmoja mzee alinihesabia kwa mwezi: bamvu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50. Nikaandika yote.

Safari ya mwisho kule, sini ya wavuvi wakitoka alfajiri ilikuwa Alhamisi. Jumanne saa 4 usiku mwigizaji mkuu akapata habari ya msiba, lazima asafiri Alhamisi. Nikaivuta sini hadi Jumatano, na kwa kuwa maji yangewahi, nikaandika kila mtu awe tayari saa 10:00 alfajiri badala ya saa 11:00. Nilikusudia kumpigia mama wa jikoni. Usingizi ukanichukua na simu mkononi.

Niliamka saa 10 kasoro robo, nikakimbilia jikoni pekupeku. Moto ulikuwa umekolea, sufuria ya chai inachemka, simu yake ameiegemeza kwenye kopo la sukari.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nimeona umetuvuta saa moja,” alisema bila kugeuka. “Maandazi yako pale, wapelekee wa kamera, wameshaanza kupakia.”