Tela la Guta: Kinachoongezeka ni Nafasi, Si Nguvu

Familia nyingi za mjini Mpanda leo zinakula kwa guta. Nakusudia ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha chuma nyuma, inayoleta mpunga wa Kakese na Mwamkulu kwenye mashine za kukoboa, kisha ikarudi na saruji, mabati au kreti za soda. Kazi iliyokuwa ya mkokoteni wa ng'ombe sasa kwa sehemu kubwa ni ya guta. Na kwenye nyumba zenye guta limezuka swali jipya: je, tulifungie tela dogo la magurudumu mawili, ili safari moja ifanye kazi ya safari mbili?

Swali hilo liliingia nyumbani kwetu msimu wa mavuno uliopita, nalo halikuwa swali la chuma peke yake. Dereva wa guta letu ni mwanetu wa kwanza, kijana wa miaka 22. Ada za wadogo zake wawili hutoka kwenye guta hilo hilo. Mavuno ya mpunga hayangoji mtu: wiki chache za pilikapilika, kisha magunia hupungua barabarani na mapato hupungua nayo. Baba watoto aliona kuwa tusipoongeza uwezo wa kubeba katika wiki hizo, ada itatushinda. Hoja yake ilikuwa nzito, nami sikuidharau.

Alikuwa ameshapata tela la kununua. Lilikuwa tela la pawatila lililokwisha kutumika. Pawatila, yale matrekta madogo ya kushikwa mikono, zilienea katika mabonde ya mpunga hasa baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, na matela yake yanaonekana hadi leo. Ni matela imara, yenye ekseli nene na bodi ya chuma. Muuzaji alisema linabeba tani nzima bila kulalamika. Upande wa pili alikuwapo fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, ambaye aliahidi kutuundia tela jepesi la bomba za mraba, lenye magurudumu ya pikipiki na sakafu ya mbao. La kwanza lilikuwa kubwa, tayari, na kwa ukubwa wake bei ilionekana nafuu. La pili lilikuwa dogo kiasi cha kumfanya mtu acheke.

Tulikaa jioni moja baada ya Isha, baba watoto, mwanetu na mimi, tukafungua kitabu kilichokuja na guta. Kimeandika kuwa mzigo wake usizidi kilo 500. Kwa kuwa sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, hayo ni magunia matano, kama hayakujazwa lumbesa. Nikauliza: tela la pawatila likiwa tupu lina kilo ngapi? Baba watoto alikuwa ameuliza mapema, akajibu kuwa ni kilo 250 hivi. Maana yake, kabla ya kupakia hata punje moja, tumeshalipa guta mzigo wa magunia mawili na nusu ambayo hakuna mteja atakayeyalipia.

Lakini jambo lililobadilisha mazungumzo lilitoka kwa mwanetu. Alisema, "Baba, kuvuta litavuta. Gia ya kwanza inavuta chochote. Mimi nawaza kusimama."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Injini ndogo ikisaidiwa na gia nzito huweza kukokota mzigo wa kushangaza kwenye tambarare, na mwenye mali akiona hivyo huridhika. Breki hazina gia ya kuzisaidia. Zilipimwa na mtengenezaji kwa uzito wa guta, dereva na mzigo wa kitandani. Tela lisilo na breki zake lenyewe huzikabidhi breki za guta uzito wote. Kwenye mteremko dereva akibana breki, guta hutaka kusimama na tela hutaka kuendelea. Likimkuta amekata kona, humsukuma kwa ubavu na kumkunja kama kisu cha kukunja. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka takriban mara nne. Sisi wa Mpanda tunaishi na mfano mzuri pale stesheni: treni ya kutoka Kaliua haisimamishwi na breki za kichwa peke yake. Mabehewa nayo yana breki zake, na dereva huziamrisha zote kutoka mbele. Waliounda treni walijua tangu zamani kuwa kinachofuata nyuma lazima nacho kishiriki katika kusimama.

Fundi alituazima tela dogo alilomtengenezea mteja mwingine, kwa ridhaa ya mwenyewe, tukaenda nalo Alasiri kwenye barabara tulivu iliyo tambarare. Mwanetu aliendesha kwa mwendo wa 30, akafika kwenye jiwe nililoliweka, akabana breki. Bila tela, guta lilisimama baada ya hatua 11 za miguu yangu. Tukafunga tela lenye magunia mawili, akarudia kwa mwendo ule ule: hatua 15. Baba watoto aliupima umbali ule mara ya pili kwa miguu yake mwenyewe, kimya. Hatua nne ni upana wa uchochoro ambao mtoto anaweza kutokea akikimbilia mpira. Hapakuwa na haja ya kulijaribu lile la tani moja.

Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud tunasimuliwa habari za ngamia aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) bwana wake, kwamba humshindisha njaa na kumchosha kwa kazi, naye Mtume akamkanya mwenye ngamia amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa. Guta halina machozi wala roho. Hata hivyo juu yake ameketi mwenye roho, na chuma kikichoshwa, anayelipa ni yeye. Nacho chuma kina namna yake ya kushitaki: beringi zinazounguruma, breki zinazonuka, tairi la mbele linalokuwa jepesi kwenye mlima hata usukani ukakosa utiifu.

Basi tukachukua dogo. Na hapo baba watoto akauliza swali la haki: ikiwa tela litabeba kilo 200 tu, na tukilifunga itabidi tupunguze magunia ya kitandani kutoka matano hadi mawili, ili kilo 80 za tela lenyewe nazo zipate nafasi yake, tumepata nini? Uzito tunaobeba umepungua!

Jibu tulilipata kwenye foleni ya mashine. Wakati wa mavuno guta husubiri zamu ya kukoboa tangu asubuhi hadi Adhuhuri, likiwa limesimama na dereva wake amelala kivulini. Tela likifunguliwa, linabaki foleni na mpunga wake chini ya uangalizi wa mmoja wetu, na guta linakwenda kutafuta riziki kwingine. Tena mizigo mingi ya hapa kwetu haina uzito wa kutisha, ina ukubwa. Pumba za mpunga kwa wafugaji wa kuku, ndoo tupu za asali zinazorudi kwa warina asali, magodoro, viti vya shughuli: vitu hivi hujaza kitanda cha guta kabla ya mizani kushituka. Tela halikutuongezea nguvu. Lilituongezea nafasi na muda, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukivikosa.

Sitaficha kuwa lilikuwa na gharama. Wateja wawili waliotaka magunia kumi kwa mkupuo walikwenda kwa wenye matela makubwa. Muhula ulipofungua, ada ya mtoto mmoja ililipwa nusu, na nusu ya pili ilikamilika baada ya miezi miwili kwa fedha za pumba. Baba watoto aliliona hilo kila alipopita mbele ya ofisi ya shule, na kulibeba halikuwa jepesi kwake. Lakini hakukopa kwa riba ili kununua lile la tani moja, na mwanetu alirudi nyumbani kila Magharibi.

Kwa familia inayofikiria kununua, haya ndiyo tuliyoyapima sisi. Kwanza, kabla ya kumlipa fundi, muulizeni askari wa usalama barabarani na muulizeni wakala wa bima yenu wanasema nini juu ya tela nyuma ya guta. Bima isiyolijua tela haitalilipia. Pili, mwambieni fundi aunge mkono wa tela kwenye fremu ya guta, si kwenye bodi ya kitanda, ambayo ni bati tu. Tatu, kiungo kiwe na pini yenye kizuizi, na pembeni yake mnyororo wa akiba, ili pini ikichomoka tela lisijiendee lenyewe sokoni. Nne, taa mbili nyuma na viakisi mwanga vyekundu, maana giza la barabara ya Kakese halimjui mtu.

Tano, pakieni kwa mizani. Mzigo ukikaa nyuma sana, pua ya tela huinuka na tela zima huyumba kama mkia. Ukikaa mbele sana, huibana nyuma ya guta na kuliacha tairi la mbele likielea. Sisi huiweka pua ya tela juu ya mizani ya gunia kabla ya kuifunga. Tela na mzigo wake vikiwa kilo 280, pua hukaa kwenye kilo 28 hivi, yaani moja ya kumi. Ikipungua, tunasogeza gunia moja mbele kidogo, ikizidi, tunalirudisha. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

La mwisho ni la watoto, nalo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Tela tupu linalokwenda polepole mtaani ni kishawishi kikubwa kwa watoto wanaotoka madrasa; hulidandia kwa nyuma, na dereva hawaoni wala hasikii. Mwanetu amekwenda kwa ustadh wa mtaani akamwomba awatahadharishe, na kila akifika karibu na madrasa hushuka, akatazama nyuma, kisha akaondoka. Nasi tumekubaliana nyumbani kuwa tela letu halipandi mtu, awe mkubwa au mdogo, hata kwa hatua kumi. Siku atakayetuomba lifti mgeni mwenye heshima zake, tutamwomba radhi, tumwitie bodaboda, na nauli tulipe sisi.